Klavye ilipotea, batri ikabaki: telefone ya 2008 na umeme wa Koni

Koni, upande wa Likasi, watu wengi wanaijua kwa jambo moja: umeme. Maji ya muto Lufira yanashuka kutoka Mwadingusha, yanaingia kwenye mabomba, yanazungusha mashine tatu, na nguvu inapanda kwenye nyaya kubwa kuelekea viwanda. Kituo hiki cha enzi ya ukoloni kiliwekwa kwa uwezo wa megawati 42. Lakini hata katika mkoa wenye vituo kama hiki, kuna swali moja ambalo mutu anauliza karibu kila siku akiwa na telefone mukononi: «Kuran iko?»

Swali lile linahusu batri. Telefone bila batri yenye moto ni kipande cha kioo tu. Na ili kuelewa namna batri ilivyokuwa bwana wa telefone zetu, inafaa kurudi nyuma kwa telefone moja ambayo vijana wengi wa leo hawakuiona: ile ya kwanza ya Android, iliyotoka mwaka 2008, yenye kioo cha kugusa juu na klavye ya kweli iliyofichwa chini yake. Mwenye kushika Tecno, Itel, Infinix au Samsung leo anashika mjukuu wa telefone ile.

Telefone mbili ndani ya moja

Siku ya 23 Septemba 2008, muji wa New York, makampuni matatu yalionyesha watu telefone mpya. HTC ya Taiwan ndiyo iliyoitengeneza. Google ya Marekani ndiyo iliyoleta programu yake, Android. T-Mobile, kampuni ya mawasiliano, ndiyo iliyoiuza. HTC waliiita Dream, na T-Mobile waliiita G1. Iliingia madukani huko Marekani 22 Oktoba kwa dolari 179, lakini bei hiyo ilikuwa ya mutu aliyekubali kufungwa na mkataba wa miaka miwili. Aliyetaka kuwa huru na mkataba alihesabu dolari zipatazo 400.

Kwa macho ya leo, ilikuwa ndogo na nene. Kioo chake kilikuwa na upana wa santimeta 8 hivi, kona kwa kona. Uzito wake ulikuwa gramu 158. Kamera yake ilikuwa ya megapikseli 3. Chini ya kioo kulikuwa na vitufe na kagololi kadogo ka kuviringisha kwa kidole gumba, ili kuchagua kitu bila kugusa kioo. Na ukikisukuma kioo kwa kidole, hakikuteleza mstari mnyoofu: kilizunguka kama upinde, kikafungua klavye ya mistari mitano ya herufi. Wakati ule ndipo mutu aliweza kuandika kwa vidole gumba viwili.

Kwa nini waliweka vyote viwili, kioo na klavye? Kwa sababu watu hawakuwa na imani na kioo. Wafanyakazi wa ofisi walikuwa wamezoea BlackBerry, yenye vitufe vidogo ambavyo kidole kinavisikia. Apple walikuwa wameonyesha iPhone mnamo Januari 2007, telefone isiyo na klavye ya vitufe, na wengi walibishana: mutu ataandikaje barua ndefu juu ya kioo kitupu? G1 ilijibu kwa kumpa kila mutu chake. Anayependa kugusa aguse, anayependa kubonyeza abonyeze.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo mnunuzi hakuiona dukani. Programu ya G1, siku ile ilipotoka, haikuwa na herufi za kuandika kwenye kioo hata kidogo. Kuandika jina moja tu la ndugu yako, ilibidi ufungue ile klavye ya chini. Klavye haikuwa pambo. Ilikuwa kazi ambayo programu ilikuwa haijajifunza kuifanya.

Namna kioo kinavyosikia kidole

Chini ya uso wa kioo cha namna hii kuna tabaka jembamba sana la madini linalopitisha umeme na bado linapitisha mwangaza. Ndani ya tabaka hilo, kwa kawaida, kuna indiamu pamoja na bati kidogo, lile bati ambalo watu wa Kivu na Maniema wanalijua kwa jina la kasiteriti likitoka udongoni. Tabaka linashika umeme kidogo sana. Kidole cha mutu, kwa kuwa mwili nao unapitisha umeme, kinapokaribia kinabadilisha hesabu ya umeme mahali pale. Telefone inapima pale palipobadilika, inajua umegusa wapi.

Ndiyo maana ukucha peke yake haufanyi kitu. Ndiyo maana mkono wenye maji unaichanganya telefone, na kidole chenye sugu ngumu au udongo mkavu wakati mwingine hakisikiki vizuri. Mchimbaji, fundi wa matofali au mama anayetoka shambani anaweza kugusa mara tatu kabla herufi haijaingia. Vitufe vya zamani havikuwa na shida hiyo: vilisikia uzito wa kidole, si umeme wake.

Miezi sita ilitosha

Mwisho wa Aprili 2009, Google walitoa Android 1.5. Pamoja na mambo mengine, ilileta herufi za kuandika juu ya kioo. Waliokuwa na G1 walipokea programu hiyo ndani ya telefone ileile, bila kununua nyingine. Asubuhi moja klavye ya vitufe ilikuwa ya lazima, na kisha ikawa ya kupenda tu.

Hapo ndipo jambo kubwa la hadithi hii lilipo. Kitu kilichokuwa cha chuma na plastiki kiligeuka kuwa programu. Na kitu kikiwa programu, kukiongeza kwenye telefone ya milioni moja hakuna gharama kubwa kuliko kukiongeza kwenye telefone ya kwanza.

Fikiria klavye ya vitufe inataka nini. Inataka herufi zilizochapwa, mpira chini ya kila kitufe, na bawaba ya kuzungusha kioo. Inataka pia nape, ule utepe mwembamba unaobeba umeme kati ya sehemu mbili, unaokunjwa na kukunjuliwa kila unapofungua. Mafundi wa telefone wanaijua nape vizuri: kwenye telefone yoyote ya kufungua na kufunga, ndiyo ya kwanza kuchoka. Vumbi nalo linaingia.

Kisha kuna lugha. Klavye ya G1 ya Marekani ilipangwa kwa Kiingereza, herufi za juu zikianza na Q na W. Mutu wa Likasi au Bukavu aliyejifunza mashine ya kuandika kwa mpangilio wa Kifaransa, unaoanza na A na Z, angetafuta herufi kama kuku anayetafuta punje. Alama za Kifaransa zisingechapwa juu ya vitufe. Kiwanda kikitaka kuuza kwa lugha nyingine, kinachapa vitufe vingine. Kwenye kioo, lugha inabadilishwa kwa kugusa mara moja. Leo Kiswahili ni moja kati ya lugha ambazo mutu anaweza kuchagua ndani ya Android.

Klavye ya vitufe haikufa siku moja. Nokia walitoa N97 mnamo 2009, Motorola wakatoa Droid mwishoni mwa mwaka uleule, BlackBerry wakaleta Torch mwaka 2010. Zote zilikuwa na kioo cha kugusa na klavye ya kuteleza. Lakini njia ilikuwa imeshaonekana. Mwanzoni mwa 2011, huko Kenya, Safaricom waliuza IDEOS ya Huawei, telefone ya Android ya kioo isiyo na klavye, kwa bei iliyokaribia dolari 100, na bila kumfunga mutu kwa mkataba wa miaka. Kwa Afrika, mlango ulifunguka pale. Kagololi kalipotea, bawaba ikapotea, vitufe vya mbele vikapotea kimoja kimoja. Telefone ikawa kioo, na bei ikashuka hadi sokoni kwetu.

G1 yenyewe isingefaa sana Koni ya mwaka 2008. Ilipowashwa mara ya kwanza ilitaka mwenyewe aingie kwa akaunti ya Google kupitia intaneti, na bila intaneti alikwama mlangoni. Haikuwa na tundu la kawaida la masikilizo, wala haikuwa na redio ya FM. Telefone ndogo ya vitufe yenye redio, ambayo haikuwa na jina kubwa, ilimfaa zaidi mutu anayetaka kusikia habari za mkoa wake jioni.

Kile ambacho hakigeuki programu

Klavye iligeuka programu. Ramani, saa ya kuamsha, tochi, kamera ya karamu, daftari la madeni: vyote viliingia kwenye kioo. Kuna kitu kimoja kilichokataa. Batri.

Batri ya G1 ilikuwa ya miliampea-saa 1,150, na wenye kuitumia walilalamika tangu mwanzo kwamba haikumaliza siku. Kioo kinakula umeme, na intaneti inakula umeme. Kila kazi iliyohama kutoka chuma kwenda programu ilienda kuomba chakula kwa batri ileile. Kwa hiyo viwanda vilifanya jambo pekee lililowezekana: kuongeza batri. Telefone nyingi za bei ndogo zinazouzwa leo zina batri ya miliampea-saa 5,000, zaidi ya mara nne ya ile ya G1.

Na ndani ya batri ndipo Katanga inapoingia. Batri za telefone za wakati ule, kwa kawaida, upande mmoja zilikuwa na unga wa lithiamu na kobalti. Kobalti inashikilia tabaka za unga ule zisibomoke, wakati lithiamu inatoka na kurudi kila unapotumia na kuchaji. Mkiufanyia hesabu unga wa namna hiyo, batri ya ukubwa wa G1 inataka karibu gramu 5 za kobalti. Ni uzito mdogo sana. Lakini zidisha kwa milioni, kisha zidisha tena kwa nne, na utaona kwa nini malori yanapita Likasi usiku na mchana.

Hakuna anayeweza kushika telefone fulani na kusema kobalti yake ilitoka Kambove au Kolwezi. Madini yakishayeyushwa pamoja, hayabebi jina la kijiji. Kinachojulikana ni kwamba leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na karibu yote hiyo inatoka mikoa miwili: Lualaba na Haut-Katanga. Likasi yenyewe ilikua pamoja na kiwanda cha Shituru, kinachosafisha shaba na kobalti kwa njia ya umeme. Umeme wa Lufira ulitafutwa kwa kazi hiyo: kwanza Mwadingusha, kisha Koni.

Oktoba ileile, pande mbili

G1 ilionyeshwa New York siku nane tu baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka, 15 Septemba 2008, katika muji uleule. Watu wa fedha waliogopa, viwanda vya dunia vikapunguza kununua, na bei ya madini ikashuka haraka. Kobalti, iliyokuwa na bei ya juu sana mapema mwaka ule, ilianguka pamoja na shaba.

Wazee wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi wanakumbuka miezi ile. Makampuni yalisimamisha kazi, viwanda vidogo vya kuyeyusha vilizima tanuru, wanunuzi wa madini walifunga milango, na creuseurs walibaki na mifuko isiyo na bei. Wakati wanunuzi wa Marekani walikuwa wanafungua boksi la telefone mpya, huku baba wa nyumba alikuwa anarudi bila kazi. Watu hawa hawakujuana. Lakini walikuwa wamefungwa kwa kamba moja, na aliyevuta kamba hakuwa upande wa Katanga.

Watu wa Kivu na Maniema nao walisikia kamba hiyo baadaye kidogo. Telefone ina pia tantalamu inayotoka koltani, bati la kuunganishia vipande, tungusteni kwenye injini ndogo ya kutikisa, na dhahabu kidogo kwenye viungo. Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu kinachotaka makampuni yaeleze kama madini hayo manne yanatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka uleule serikali ya Kinshasa ilisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Familia nyingi zilikosa mkate. Kobalti haikutajwa katika kifungu kile. Ilichukua hadi Januari 2016 ndipo Amnesty International na Afrewatch, shirika la Lubumbashi, walipotoa ripoti iliyofuata kobalti ya wachimbaji wa mikono, pamoja na watoto, hadi kwenye majina makubwa ya telefone.

Nani anahesabiwa

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 ilibadilisha mambo fulani ambayo kila mukaaji anafaa kuyajua. Mwishoni mwa mwaka huo kobalti iliwekwa katika madini ya kimkakati, na ushuru wake kwa serikali ukapanda hadi asilimia 10. Feza hiyo ya ushuru inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, yaani komine, sekta au usultani, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi.

Tazameni vizuri maneno haya: «mahali mgodi ulipo». Sheria inahesabu shimo. Haihesabu maporomoko ya maji. Umeme unaosafisha madini hauna sehemu yake ndani ya mgao ule. Kwa watu wanaoishi karibu na Lufira, sehemu yao inategemea kama kuna mgodi katika mamlaka yao, si kama umeme unatoka kwao. Wengine wanaweza kusema SNEL ni ya taifa, na umeme ni wa wote. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini katika Kongo yote, ni karibu mutu mmoja kwa watano tu aliye na umeme.

Na dawa ya tatizo inategemea nani ana haja. Mwadingusha, kituo kikubwa zaidi cha Lufira, chenye megawati 78, kilirekebishwa na kurudi kazini mwaka 2021 kwa feza za mradi wa shaba wa Kamoa, kwa makubaliano na SNEL. Mgodi ulitaka umeme, ukalipia mashine.

Koni ikifanya hesabu yake

Batri ya miliampea-saa 5,000 ikichajiwa, pamoja na umeme unaopotea njiani, inakula karibu wati-saa 25. Megawati 42 za Koni, kama mashine zote tatu zinazunguka kwa nguvu yote, ndani ya saa moja zinatoa wati-saa milioni 42. Ukigawanya, unapata telefone zaidi ya milioni moja na nusu zilizojaa. Kwa saa moja tu.

Hesabu hiyo haisemi kwamba viwanda vizimwe ili watu wachaji telefone. Inasema kitu kidogo zaidi: umeme unaohitajika ili familia isikie redio, ipige simu kwa mganga usiku, au itume feza kwa mtoto aliye shuleni, ni tone tu ndani ya Lufira. Kinachokosekana mara nyingi ni waya, transformata na uamuzi. Hayo ndiyo maswali ya kuuliza katika mikutano ambapo kampuni inaandika pamoja na jamii yale inayoahidi kutenda. Sheria inataka maandishi hayo yawepo.

Na kwa sasa, anayeshika telefone atunze kile chenye kobalti ndani yake. Batri iliyovimba isibonyezwe wala kutobolewa: inaweza kuwaka. Isiachwe juani wala chini ya mto wa kulalia ikiwa inachajiwa. Chaja iliyochubuka waya isitumiwe wakati umeme unapanda na kushuka. Na si lazima kungoja izime kabisa ndipo uichaji. Batri za aina hii hazipendi kufikia sifuri mara kwa mara. Kuran ikifika saa nane ya usiku, nusu ya batri si kitu cha kudharau.

G1 iliacha kuuzwa zamani, na klavye yake haikuacha mtoto. Watoto wa shule wa leo wanaandika Kiswahili juu ya kioo bila kujua kwamba zamani herufi zilikuwa na mlango wake. Lakini batri bado ni batri. Bado inangoja maji ya Lufira.